Mstari wa Nne

Dumayag, 9 Desemba 1987

Tatay mpendwa,

Basi si kweli hata kidogo kwamba nimekonda. Manang Puring aliniona kwa nyuma, nimeinamia ndoo yake ya samaki, na kwa nyuma kila mtu amekonda. Mwambie abebe barua zetu, umbeya auache sokoni. Ninakula, Tatay! Nanay Isyang, mama mkwe wangu, ananipakulia wali kana kwamba mimi ndiye nguruwe wa Krismasi.

Na Emong! Sijui nianzie wapi. Jana alirudi kutoka mpungani na kofia imejaa machenza, akasema ameyachuma kwa sababu yana rangi ya gauni nililovaa siku aliponiona mara ya kwanza. Gauni lile lilikuwa la buluu. Sikumsahihisha. Nilikaa pale ngazini nikala machenza yote, naye ananitazama tu, matope yamefika magotini, nikajiambia kwamba kama mtu anaweza kufa kwa furaha basi mimi nimebakiza kidogo. Usicheke. Nakujua unacheka.

Lakini kuna jambo. Ukuta wa mbele wa nyumba yetu hauonekani tena. Umebandikwa picha za safu ya Ninong Fulgencio kuanzia mlangoni mpaka kwenye banda la nyati wetu wa kulimia: yeye juu kabisa, mgombea ugavana, kisha makamu wake, kisha wale wanne wa baraza la mkoa. Najua hana budi kubandikwa. Alisimama madhabahuni kama msimamizi wa ndoa yetu mwezi wa Oktoba, na siku ile nani alijua kwamba majuma manne baadaye yeye atakuwa na safu yake, na wewe utakuwa kwenye safu ya Wakili Zaragosa? Mlikaa benchi moja kanisani mkachekeana!

Nilimwomba Nanay Isyang nibandike picha yako moja tu, ndogo, karibu na jiko. Akasema, "Mwanangu, katika nyumba hii tunaandika safu nzima, toka juu hadi chini. Ninong akishasimama kwenye harusi yako, humkati vipande." Alisema kwa upole. Kisha akaniongezea wali.

Sikulia. Nililia kidogo. Nilikuwa nakumbuka mwaka 1971, mimi na miaka saba, wewe na Ninong mkiwa safu moja, yeye meya na wewe diwani. Nanay wetu, mama yangu mzazi, bado yu hai wakati ule, anakoroga uji wa mchele na tangawizi kwa watu ishirini, nawe umenipandisha juu ya mikebe miwili ya biskuti ili nifikie meza, niandike majina kwenye kadi za kugawa. Ulikuwa unaniambia, kwa jina lako la kunidekeza, "Mkia wa g uzungushe, Inday, mpiga kura asije akauona ni tisa." Bado nauzungusha vile vile. Harufu ya tangawizi ikinipata hapa jikoni kwa watu, najikuta nimesimama tu na mwiko mkononi.

Binti yako akupendaye,
Doray
(bado sijazoea kuandika Bi. Anselmo Gallano, lakini nimeliandika mara nyingi sana nyuma ya kalenda)

*

San Vidal, 15 Desemba 1987

Inday wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa kalamu nyekundu. Sentensi zako zimekuwa ndefu tangu uolewe. Emong ametajwa kuliko Mungu. Lakini nimefurahi, mtu anayekuletea machenza kwa kukumbuka gauni ambalo si lenyewe ni mtu aliyekuwa anatazama uso.

Sasa nisikilize. Usifanye kampeni katika nyumba ya mama mkwe wako. Huna hata miezi mitatu humo. Nanay Isyang ana haki, na mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Mtu akikusimamia ndoa amekupa jina lake, na huku kwetu jina halirudishwi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kumwomba Fulgencio. Nilivaa barong, lile shati langu rasmi la kustaafia, nikabeba jogoo. Hatukuwahi kugombana, unajua. Yeye alikwenda upande wa wenye mashamba ya miwa na mimi nikarudi kwenye ubao wa darasa, basi. Siku ile tulikaa barazani kwake tukacheka mpaka mke wake akatoka kuuliza nani kafa.

Huku mambo yanakwenda vizuri. Kila ninakopita watu ni wengi. (Huyo Manang Puring atakwambia vingine, usimsikilize, nimesema tayari, anaona watu kwa nyuma.) Wilaya yetu ina viti vinne vya baraza. Watatu wa safu yao wanajulikana, na watapita. Wa nne wao ni yule daktari wa meno, Pabalan, ambaye hata wagonjwa wake wanamkumbuka kwa maumivu tu. Kwa hiyo wanasema kiti cha nne ni kati yangu na yeye.

Nina miaka sitini na mmoja, Inday, na sitagombea tena. Nataka jambo moja tu katika baraza lile: daraja la kuvukia mto hapo hapo Dumayag. Nilifundisha huko kwa miaka mitano, zamani sana kabla hujazaliwa. Watoto walikuwa wanavuka na nguo zao kichwani, wanafika darasani wanatetemeka, wanaandika herufi zilizolowa. Majuzi nimepita kwa ajili ya kampeni. Bado wanavuka vile vile. Ni wajukuu wa wale wale.

Kula wali wa watu. Nyamaza. Mpende mumeo.

Baba yako,
Gaudencio Salmorin

*

Dumayag, 29 Desemba 1987

Tatay wangu mpendwa, mpendwa,

Heri ya Krismasi iliyopita na Mwaka Mpya unaokuja! Emong amenitengenezea taa ya nyota ya mianzi na karatasi nyekundu, kubwa kuliko mlango, ikabidi aitoe dirishani. Tuliitundika juu ya ngazi. Nilimbusu mbele ya mama yake bila kukusudia. Mama yake akasema, "Ehe, na mimi nimeona nyota."

Ninong alikuja na safu yake yote siku ya pili ya Krismasi. Watu kama mia, mbwa wote wa kijiji, na spika mbili. Aliponiona alisema, "Binti wa Gaudencio! Bado una ule mwandiko?" Nikasema ninao. Akamgeukia Nanay Isyang: "Kumare, mzazi mwenzangu, huyu mtoto akiwa na miaka saba aliniandikia kadi zangu zote. Kadi zake zilikuwa nzuri mpaka watu wakazitia kwenye fremu badala ya kwenda nazo kituoni." Kila mtu akacheka. Na mimi nilicheka, lakini nilitaka kulia, maana kwa muda kidogo uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa pale jikoni kwetu, kabla hajanenepa.

Basi nimepewa kazi. Kadi mia tatu! Nanay Isyang aliniketisha barazani baada ya chakula cha mchana akanieleza kana kwamba sikukulia nyumbani kwako: "Karatasi ya kura haina majina, mwanangu, ina mistari mitupu. Mpiga kura aandike mwenyewe. Hawa wazee wetu wakiingia mle ndani wanasahau hata majina yao, kwa hiyo kila mmoja anakwenda na kadi mfukoni, ananakili mstari kwa mstari, herufi kwa herufi, kama alivyoiona. Ukikosea wewe, amekosea yeye." Nikasema, "Ndiyo, Nanay."

Gavana, makamu wa gavana, kisha mistari minne ya baraza. Mara mia tatu. Ninaandika kuanzia saa nane hadi mwanga unapopungua, na Emong akirudi anakaa karibu nami ananichongea penseli na kunisomea majina kwa sauti ya padre. Nikifika mstari wa nne mkono wangu unakuwa mzito.

Huku wanasema utashindwa, Tatay. Wanasema mikutano yako ina watu thelathini, na nusu yao ni ndugu zetu. Si Manang Puring aliyesema. Kwa nini hukuniambia?

Lakini usijali. Nina zawadi kwa ajili yako. Siwezi kuisema sasa, ila utaiona tarehe 18, siku ya kura. Nimefurahi mno, siwezi hata kushika kalamu vizuri! Emong ananiuliza ninachekea nini, nami namwambia nakuchekea wewe.

Doray wako

*

San Vidal, 4 Januari 1988

Inday,

Asante kwa salamu na kwa ile keki ya wali, ingawa ilifika imekaliwa na mtu.

Ni kweli, watu ni thelathini. Sikutaka ule wali wa watu huku ukihesabu vichwa vya mkutano wangu. Lakini ni thelathini wazuri, wanauliza maswali.

Jana nilipanga vitabu vya Nanay wako nikaikuta kadi moja ya mwaka ule wa 1971. Mwandiko wako, mkubwa kama mayai. Mstari wa diwani umeandika "Tatay". Si jina langu, "Tatay" tu. Nanay wako aliificha isigawiwe, kumbe aliitunza miaka yote hii. Nilikaa nayo asubuhi nzima, nikachelewa mkutano wa Barrio Guinob-an. Wale thelathini walinisubiri.

Zawadi gani? Nimekufundisha miaka sita darasani na kumi na saba nyumbani, na kila ulipokuwa na furaha ya namna hiyo kulikuwa na kitu kimevunjika mahali. Niandikie ni nini. Mpe Puring barua Ijumaa, usingoje.

Baba yako

*

Dumayag, 8 Januari 1988

Tatay mpendwa,

Haya, nitasema, maana siwezi kuficha kitu cha kufurahisha, nitapasuka.

Kati ya zile kadi mia tatu, themanini zina jina lako! Mstari wa nne. Gavana ni Ninong, makamu ni wao, watatu wa baraza ni wao, na pale pa Pabalan nimeandika Gaudencio Salmorin, vizuri, na mkia wa mwisho. Zote nimezitia kwenye fungu la ng'ambo ya mto, kwa wale wale uliowafundisha, na zimeshagawiwa tangu Jumatatu. Hakuna aliyegundua. Nani atasoma kadi themanini? Wao watanakili kama walivyoandikiwa, wewe utapata kiti chako, na daraja litajengwa, na Ninong hatapungukiwa na kitu, kura zake zote zipo pale pale juu. Ni daktari wa meno tu, na huyo hata humu ndani hakuna anayemtaka, wanamwandika kwa sababu yumo kwenye safu.

Nimefanya vizuri, sivyo? Nilipofika ya kumi na mbili nilikuwa naimba. Ilikuwa kama niko tena juu ya mikebe ya biskuti.

Usimwambie mtu. Emong hajui. Ni siri yangu ya kwanza kwake na inanichoma kidogo, lakini nitamwambia tukishakuwa wazee.

Binti yako,
Doray

*

San Vidal, 10 Januari 1988

Teodora,

Barua hii anakuletea Puring leo hii hii, nimemwomba aende hata kama hana samaki.

Utazirudisha. Zote themanini.

Wazee wale hawasomi haraka. Mimi ndiye niliyewafundisha, na najua walipofikia, kwa sababu mafuriko yaliwaachisha shule kabla sijamaliza. Wameichukua kadi ile kwa kuuamini mkono ulioiandika. Wanadhani wanaandika safu ya Fulgencio. Umewaambia waandike kitu ambacho hawakukichagua, nawe umetumia mwandiko niliokupa mimi kufanya hivyo. Siwezi kuingia barazani kwa mlango huo. Hata daraja lenyewe, nikilijenga hivyo, nitashindwa kulivuka.

Mwambie mumeo kwanza. Kisha mama mkwe wako. Kisha watu wa ng'ambo, nyumba kwa nyumba, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Zimebaki siku nane.

Najua kwa nini ulifanya. Najua kabisa. Ndiyo maana barua hii nimeichana mara tatu.

Baba yako

*

Dumayag, 14 Januari 1988

Mheshimiwa Tatay Gaudencio,

Ni mimi Anselmo, mkwe wako. Samahani kwa mwandiko, mimi ni mtu wa jembe. Doray hawezi kukuandikia, anasema hajui aanze na neno gani, kwa hiyo naandika mimi ili usikae na wasiwasi.

Aliniambia siku ile ile barua yako ilipofika, mpungani, mbele ya vibarua, akilia. Kisha tukamwambia Nanay. Nanay alikuwa anachuja nazi. Alimaliza kuchuja, akanawa mikono, akavaa kitambaa chake cha kanisani, akasema, "Chukua kikapu."

Tulivuka watatu. Kila nyumba Nanay anasimama nyuma, Doray anasema mwenyewe: "Kadi niliyowaandikia ina kosa, mstari wa nne nimeweka baba yangu mahali pa mtu mwingine, naomba mnirudishie na mnisamehe." Nyumba ya kwanza alisema huku amejifunika uso. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Mama mmoja alimwambia, "Kumbe ndivyo mnavyotufanya, mnatuona mbuzi." Hilo lilimwumiza. Siku ya pili alikuwa anasema bila kujifunika.

Kwa babu mmoja, Lolo Bansoy, tulikwama. Alisema, "Kosa liko wapi? Huyu ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu. Sirudishi."

Doray akasema, "Lolo, lakini si safu ya Ninong."

"Nimesikia. Wewe umeshaniambia, mimi nimeshajua. Sasa ni kadi yangu. Nenda zako."

Nanay hapo ndipo alipozungumza mara ya kwanza tangu tuvuke. Alisema, "Mwacheni. Aliyeambiwa ukweli akachagua, amechagua." Watano wengine wakasema kama Lolo. Tumerudisha sabini na nne. Doray ameziandika upya, Pabalan kila mstari wa nne, na jana alimaliza.

Nanay alikwenda kwa Ninong kumwambia mwenyewe, asisikie kwa watu. Anasema Ninong aliiacha kahawa ikapoa. Kisha akasema, "Gaudencio ndiye aliyemwambia azirudishe?" Nanay akasema ndiye. Ninong akasema, "Hajabadilika hata kidogo, yule. Mimi ndiye niliyebadilika." Akamwomba Nanay asimsimulie mtu.

Na mimi nina langu, Tatay, nalo naomba libaki kwako. Mimi niliona. Jioni nilipokuwa namchongea penseli, nilisoma mstari wa nne. Alikuwa anaimba polepole na uso wake ulikuwa umerudi ule wa kabla hajaja kukaa kwetu, uso wa nyumbani kwenu. Nilijua si sawa. Nikafunga fungu lile mwenyewe kwa kamba ya mkonge, nikaliweka kwenye baiskeli, nikalivusha mto mwenyewe, nikaligawa kwa mikono yangu. Yeye anadhani alinificha na anadhani nimemsamehe. Sijui nimwambie vipi kwamba nilikuwa mwizi mwenzake. Kwa hiyo nakuomba msamaha wewe, kwa niaba yetu sote wawili.

Mkwe wako,
Anselmo Gallano

*

San Vidal, 20 Januari 1988

Inday wangu,

Sasa naweza kukuita hivyo tena, nami nilikosa kukuita hivyo siku kumi tu, zikawa ndefu.

Umeshasikia, bila shaka, maana redio imesema. Fulgencio ni gavana. Viti vitatu vya kwanza ni vyao kama tulivyojua. Cha nne amepata Pabalan. Mimi ni wa tano, kwa kura thelathini na moja.

Najua unafanya hesabu sasa hivi. Acha. Nimekwisha kuifanya mimi, nikiwa nimesimama pale shuleni wakati walimu wanasoma karatasi kwa sauti na kuchora mistari ubaoni. Karani mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, alinitazama kwa huruma, nami nilikuwa napigana na tabasamu. Sabini na nne. Mtu mwingine yeyote katika mkoa huu asingejua kwa nini Gaudencio Salmorin ameshindwa, na mimi nilijua mpaka jina la kila nyumba. Nilitembea kwenda nyumbani kwa miguu. Nilipika uji wa mchele, nikazidisha tangawizi kama Nanay wako, nikala sufuria nzima.

Jana asubuhi Fulgencio amekuja. Gavana, mlangoni kwangu, bila spika wala mlinzi, amebeba jogoo. Nikamwambia, "Umekuja kuniomba niwe msimamizi wa nini?" Akasema, "Wa daraja. Nalipeleka barazani mwezi wa Machi, na Pabalan hajui hata mto uko upande gani. Njoo ukae nami ulieleze." Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri mpaka jogoo alipowika, nikasema ndiyo. Kisha tulikaa jikoni. Alitafuta mahali alipokuwa anakaa mwaka ule, akakuta kiti kimevunjika, akakaa juu ya gunia la mchele. Hatukuzungumza siasa. Tulizungumza juu ya Nanay wako.

Mumeo ameniandikia. Sitakuambia yote aliyosema. Barua ya mtu ni ya mtu. Nasema tu kwamba nilidhani nimekuoza kwa mtu wa jembe, kumbe nimekuoza kwa mtu mzuri kuliko anavyojua kujieleza. Siku moja atakuwa na jambo la kukuambia. Akikuambia, usimcheke sana.

Nyumba ni tulivu mno. Kadi yako ya 1971 nimeiegemeza kwenye redio.

Baba yako,
Gaudencio

*

Dumayag, 23 Januari 1988

Tatay, Tatay, Tatay,

Nilisoma barua yako nimesimama jikoni, kisha nimeketi, kisha Nanay Isyang akaninyang'anya kwa kuwa nilikuwa nalowesha wino. Akaisoma mwenyewe kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye thelathini na moja alisimama. Akaenda dirishani. Akasema, "Kwa hiyo nilipovaa kile kitambaa changu cha kanisani nilikuwa nakwenda kumwangusha mtu huyu." Mimi nikasema, "Si wewe, Nanay, ni mimi." Akasema, "Ni yeye mwenyewe! Alijua na akatutuma!" Halafu akasema neno ambalo sikutarajia kulisikia katika nyumba hii: "Na mimi nimemwandika Pabalan. Sijawahi kuona meno ya Pabalan. Nimemwandika kwa kuwa yumo kwenye safu."

Nilitaka kulia na nikacheka. Nimefanya hesabu, Tatay, ingawa umenikataza. Siwezi kutoifanya. Nikilala mchana naiona mistari ile. Nilikuwa na kiti chako mkononi mwangu, nimekishika kabisa, nikakibeba kwenye kikapu nikakivusha mto nikakirudisha. Na ajabu ni kwamba nikikumbuka siku zile mbili za kutembea nyumba kwa nyumba, sikumbuki aibu tena. Nakumbuka tope, na Emong mbele akinishika mkono kwenye mawe ya mtoni, na Nanay Isyang nyuma akinishikilia sketi nisianguke. Nilikuja hapa nikiwa mgeni anayepakuliwa wali. Nilirudi kutoka ng'ambo ile nikiwa mtu wa nyumba hii. Sijui ningeufikaje mlango huo kwa njia nyingine.

Na Emong! (Ndiyo, namtaja tena, chukua kalamu nyekundu.) Tangu akuandikie amekuwa wa ajabu. Anaanza kusema jambo, masikio yanamwiva, anatoka kwenda kumtazama nyati. Jana amemtazama nyati mara tano. Nimemwambia, "Emong, kama ni mwanamke mwingine, useme, kama ni nyati, nitaelewa." Akacheka mpaka akakaa chini. Hajasema bado. Sina haraka. Napenda kumwona anavyohangaika, naona kama nimeolewa jana.

Picha za ukutani zimeanza kuchanika kwa mvua. Chini ya uso wa Pabalan unaonekana ubao wa mwanzi, rangi ya asali, sikuwa najua kwamba nyumba yetu ni nzuri hivi. Emong aliuliza kama tubandue zilizobaki. Nanay Isyang alisema tusubiri mpaka turudi.

Ndiyo, mpaka turudi, maana tunakuja! Sote watatu. Nanay Isyang ndiye aliyesema, si mimi. Amesema anataka kukaa meza moja na mtu aliyekataa kura sabini na nne, amtazame usoni aone kama ni mzima. Tayari amekaanga unga wa mchele kwa ajili ya keki, na safari hii ataikalia yeye mwenyewe asije akaikalia mwingine. Usipike chochote. Au pika, nitakusaidia, niachie tangawizi niimenye mimi. Usikitengeneze kile kiti, Emong anakuja na misumari. Basi la Ijumaa linaondoka hapa saa moja asubuhi. Ijumaa ya tarehe 29 tutakuwa mlangoni kwako kabla jua halijawa kali, na kama mvua itakata barabara, basi Jumamosi au Jumapili, lakini kabla mwezi huu haujaisha, Tatay, hata kwa miguu, tunakuja.

Binti yako,
Doray